Kuongeza busti kwenye gari: puli, baipasi, westigeti, na kilichomkuta kaka yangu njiani Morogoro

Leo tuache siasa kidogo. Kuna vijana wengi mnaniandikia, na wengine tunakutana hapa hapa kafe, na swali ni lile lile: "Bro, nina Kompressor, nikibadilisha puli si itapaa?" Wengine wana Subaru za tabo, wanauliza kuhusu kile kivalvu cha kuzungusha kwa mkono ambacho kila duka la mtandaoni wanakiuza.

Jibu fupi: ndiyo, itapaa. Jibu refu ni makala hii. Niliwahi kutoa lile jibu fupi, likaua injini nzima, kwa hiyo safari hii naomba mnivumilie.

Mimi si injinia. Nimemaliza form four, fizikia nilipata C, chuo sikubahatika. Ila hii mada nimeichimba miaka mingi kwa sababu inanihusu. Pale nitakapoweka hesabu, chukua kalamu uhakikishe mwenyewe.

KISA CHENYEWE

Mwaka 2014 kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa na Mercedes C180 Kompressor rangi ya fedha. Hiyo gari haikuwa ya kutanulia. Alikuwa anaikodisha kwenye harusi, na sehemu ya hela ya kuinunua ilikuwa ya kiwanja cha mama mkubwa kilichouzwa. Kwa hiyo gari ilikuwa yake, lakini pia ya nyumba nzima.

Kosa lilianza kwangu. Nilikaa kafe nikasoma kwamba C180 Kompressor ya miaka ile ina nguvu farasi 143, C200 Kompressor ina 163, na C230 Kompressor ina 192, na zote tatu zina injini ya silinda 4 ya ukubwa ule ule, cc 1,796. Nikaprinti kurasa nne, nikampelekea. Nikamwambia, "Kaka, tofauti ni busti tu. Unaendesha C230 na huna habari." Kiingereza chenyewe nilimtafsiria mimi.

Akaagiza puli ndogo ya supachaja kutoka nje. Fundi mmoja wa mjini akaifunga. Siku ya kwanza tukaenda kuijaribu, hakuna kilichobadilika cha maana. Fundi akasema kompyuta ya gari ndiyo inabana, akaleta kijiboksi kidogo cha kuunga kwenye waya wa sensa ya presha. Kikafungwa. Hapo sasa gari ikaanza kuruka kweli, tukacheka kama watoto. Taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi, fundi akaifuta kwa mashine, akasema, "Hiyo ni usumbufu tu, dogo."

Wiki ya pili tukapata kazi ya harusi Morogoro. Tumeondoka alfajiri, mimi nimekaa mbele na yeye. Tulipopita Kibaha barabara ikafunguka, akakanyaga. Nikasikia sauti ndogo kutoka mbele, kama karanga zinakaangwa kwenye sufuria. Nikamwambia, "Kaka, unasikia?" Akaongeza sauti ya redio. Kabla ya Mlandizi gari ikakohoa, moshi wa buluu nyuma, nguvu zikaisha. Bibi harusi alikuwa anatusubiri Morogoro na sisi tuko pembeni ya barabara na maua kwenye boneti.

Injini ilipofunguliwa, pistoni ya tatu ilikuwa imetoboka juu, pembeni, kama mtu ameichoma na moto wa gesi. Ukitaka kujua kwa nini, twende taratibu.

BUSTI NI NINI

Kwanza, siyo ile ya kubusti betri kwa waya. Hapa busti ni presha ya hewa inayosukumwa kuingia kwenye injini, zaidi ya ile hewa ya kawaida inayotuzunguka.

Hewa ya usawa wa bahari, kama hapa Dar, ina presha ya karibu bar 1. Injini ya kawaida inavuta hewa hiyo yenyewe. Ukiweka kifaa cha kuisukuma na geji ikasoma bar 0.5, maana yake ndani kuna jumla ya bar 1.5. Geji nyingi zinaandika psi; bar 1 ni psi 14.5, kwa hiyo bar 0.5 ni kama psi 7.

Kwa nini tunataka hewa nyingi? Kwa sababu petroli haiungui bila hewa. Ukipata hewa zaidi unaweza kuchoma petroli zaidi kwenye silinda ile ile. Shikeni hilo: nguvu inatoka kwenye petroli iliyoungua vizuri. Hewa inafungua mlango tu. Ukileta hewa bila petroli ya kutosha hujaongeza nguvu, umewasha jiko.

SUPACHAJA NA TABO

Vyote viwili kazi yake ni kusukuma hewa. Tofauti ni nani anavizungusha.

Supachaja inazungushwa na mkanda kutoka kwenye puli ya krenki. Injini ikizunguka, nayo inazunguka hapo hapo, ndiyo maana Kompressor ukikanyaga inaitika mara moja. Aina iliyozoeleka kwenye magari haya ni ya mapigo mawili yanayozunguka kwa kupishana ndani ya kasha. Inaitwa Roots, kutokana na ndugu wawili wa Indiana, Marekani, waliosajili pampu yao ya hewa mwaka 1860, hata magari hayajaanza. Mercedes wao walionyesha magari ya supachaja mwaka 1921.

Tabo inazungushwa na moshi wa ekzosi. Haina mkanda. Mswisi Alfred Büchi alisajili wazo hilo mwaka 1905. Tabo haikuli nguvu ya mkanda, lakini inahitaji moshi wa kutosha ndipo iamke, ndiyo ule ucheleweshaji kidogo mnaousikia kwenye Subaru.

NANI ANADHIBITI BUSTI?

Hapa ndipo watu wengi wanachanganya, na mimi nilichanganya. Njia ya kudhibiti busti kwenye tabo siyo ile ya kwenye supachaja.

Kwenye supachaja kuna mambo mawili au matatu:

1. Uwiano wa puli. Puli ya krenki ikiwa kubwa na ya supachaja ikiwa ndogo, supachaja inazunguka haraka zaidi. Hii ndiyo inayoweka kiwango cha juu kabisa cha hewa.

2. Kilango cha baipasi. Hiki ni kilango kinachorudisha hewa iliyokwisha kusukumwa, irudi ilikotoka. Ukiwa umesimama kwenye foleni au unatembea taratibu, kilango kiko wazi, hewa inazunguka tu, injini haipati mzigo bure. Ukikanyaga kinajifunga, busti inapanda. Magari mengine kinaendeshwa na vakyum. Kwenye hizi C180 za injini ya cc 1,796 kinaendeshwa na kompyuta, na kompyuta inaweza kukifungua kidogo ikiona presha imezidi ile iliyoipanga.

3. Klachi. Baadhi ya supachaja zina klachi ya umeme kama ile ya kompresa ya AC. Mfano mzuri ni injini ya Toyota 4A-GZE, cc 1,587, iliyotoka na MR2 mwaka 1986. Ukienda taratibu klachi inaachia, ukikanyaga inashika.

Kwenye tabo mambo yako hivi:

1. Westigeti. Ni kilango kinachopitisha moshi pembeni usipite kwenye tabo. Kinafunguliwa na kikopo chenye springi ndani na mpira wa hewa unaotoka upande wa busti. Presha ikishinda springi, kilango kinafunguka, tabo haiongezi kasi.

2. Solenoidi ya busti. Ni kivalvu cha umeme kinachopunguza hewa inayofika kwenye kile kikopo. Kikopo kikidanganywa kwamba presha bado ndogo, kilango kinachelewa kufunguka na busti inapanda kupita springi. Kompyuta ndiyo inayopanga kiasi.

Kwa hiyo ukiuliza "skurubu ya busti iko wapi kwenye Kompressor?", jibu ni kwamba hakuna. Skurubu ni mambo ya tabo. Kwenye Kompressor ni puli, kilango na programu ya kompyuta.

NJIA ZA KUBADILISHA, MOJA MOJA

a) Puli ndogo ya supachaja au puli kubwa ya krenki. Ni njia halali, watengenezaji wengi wa vifaa wanaziuza. Lakini kwenye gari ambayo kompyuta ndiyo inaongoza baipasi, puli peke yake inaweza isikupe kitu cha maana, kwa sababu kompyuta inafungua kilango na kuimwaga ile hewa ya ziada. Ndiyo yaliyotukuta siku ya kwanza. Gari haikuwa inabana kwa roho mbaya, ilikuwa inajilinda.

b) Kuandika upya programu ya kompyuta. Hii ndiyo inayokwenda pamoja na puli. Mtu anayejua anapanga upya presha inayotakiwa, petroli na muda wa kuwasha plagi. Tatizo, wengine wanapakia faili la gari nyingine walilolipata mtandaoni. Uliza: "Utapima gari yangu, au utapakia tu?"

c) Kijiboksi cha kudanganya sensa. Hiki ndicho kilichotumaliza. Kinakaa katikati ya sensa ya presha na kompyuta, kinaiambia kompyuta presha ni ndogo kuliko ilivyo kweli. Kompyuta inaacha baipasi imefungwa, na wakati huo huo inapanga mwako kwa ajili ya injini yenye mzigo mdogo. Ni kama kumpa dereva kipofu ramani ya mtaa mwingine.

d) Kivalvu cha mkono, kwa tabo. Ni bei rahisi, kina mpira wa chuma na springi ndani, unazungusha kichwa chake kuongeza au kupunguza. Kinafanya kazi, lakini hakijui joto, hakijui mafuta, hakijui nok. Na ule mpira wa hewa wa kwenda westigeti ukichomoka au ukipasuka, westigeti haipati habari kabisa, busti inapanda bila breki. Ukikifunga, tumia klipu za kubana kila kiungo.

e) Kuziba kabisa mpira wa westigeti. Kuna watu mitaani wanafanya hivi na bolti. Usifanye, hata kwa kujaribu dakika mbili.

f) Kifaa cha kuzuia kukata mafuta. Magari mengi ya tabo kompyuta yake inakata petroli busti ikizidi kiwango. Inashtua, unadhani gari imegonga ukuta. Kuna vifaa vya kuondoa huo ukataji. Yaani unamfukuza mlinzi kwa sababu amepiga kelele kuna mwizi.

HESABU YA PULI

Hizi ni namba za mfano ili ueleweke mpango, siyo vipimo vya gari fulani.

Tuseme puli ya krenki ina kipenyo cha mm 150 na ya supachaja mm 75. Gawanya: 150 kwa 75 ni 2. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, supachaja inazunguka 12,000.

Sasa weka puli ya mm 68. 150 kwa 68 ni kama 2.2. Injini ikiwa 6,000, supachaja ni kama 13,200. Kasi imeongezeka asilimia 10, na hewa inayosukumwa ni kama asilimia 10 zaidi. Hapo angalia pia kasi ya mwisho ambayo mtengenezaji wa supachaja ameruhusu. Ukiipita, beringi na mapigo ya ndani ndiyo yanalipa.

Sasa angalia geji inavyodanganya. Mwanzo ilisoma bar 0.5, yaani jumla ni 1.5. Ongeza asilimia 10 kwenye 1.5 unapata 1.65. Geji itasoma 0.65. Kwenye geji umetoka 0.5 hadi 0.65, ambayo ni asilimia 30! Kijana anashangilia asilimia 30. Lakini hewa iliyoongezeka ni asilimia 10, na hiyo ni kama intakula, yaani redieta ya kupozea hewa, bado inaweza kupoza kama mwanzo. Ikishindwa, sehemu ya ile presha uliyoona kwenye geji ni joto tu.

Ndiyo maana nasema busti siyo nguvu. Busti ni presha, na hewa ya moto nayo inajua kuleta presha.

Kitu kingine kwa wanaosafiri: geji nyingi zinasoma tofauti kati ya ndani na hewa ya nje. Nairobi iko juu karibu mita 1,700, hewa ya nje pale ni kama bar 0.83. Supachaja ile ile inayozidisha hewa mara 1.5 itakupa jumla ya bar 1.25 hivi, na geji itasoma kama 0.4. Hakuna kilichoharibika. Usikimbilie kubadilisha puli kwa sababu ya mlima.

KINACHOUA INJINI

Hewa ukiibana inapata joto. Mmeona pampu ya baiskeli, ukipampu sana mdomo wake unachoma. Hewa ya nyuzi 30 ikibanwa mara 1.5 na supachaja yenye ufanisi wa asilimia 60, inatoka na nyuzi zaidi ya 90. Ikibanwa mara 1.65 inakaribia 110. Hayo ni makadirio ya daftarini, kabla ya intakula. Asilimia 10 ya hewa imeleta nyuzi zaidi ya 15 za joto.

Hewa ya moto ikifika kwenye silinda, mchanganyiko unaweza kujilipukia wenyewe sehemu ambayo moto wa plagi haujafika. Hiyo ndiyo nok. Ni zile karanga nilizozisikia. Kila pigo ni kama nyundo ndogo juu ya pistoni, na ikiendelea pistoni inapata joto, ringi zinavunjika, aluminiamu inayeyuka. Mafundi wetu wanasema "injini imenoki" ikiwa imeshakufa. Ukweli ni kwamba inaanza kunoki mapema, ikiwa bado inatembea vizuri kabisa.

Magari ya sasa yana sensa ya nok. Ikisikia, kompyuta inachelewesha plagi kidogo ili kuokoa. Lakini hiyo ni akiba ya dharura. Ukimpa habari za uongo kwenye presha na ukamlazimisha aishi kwenye akiba kila siku, kuna siku itaisha.

La tatu ni petroli. Injini ikichoma kikamilifu inatumia hewa kilo 14.7 kwa petroli kilo 1. Chini ya busti watu wanaweka petroli zaidi, kama 11.5 hadi 12.5 kwa 1, kwa sababu petroli ya ziada inapoza. Pampu ya mafuta au nozeli zikishindwa kufikisha, uwiano unapanda kwenda 14, 15, na hapo chumba cha moto kinakuwa tanuru.

Halafu kuna okteni. Ni uwezo wa petroli kuvumilia bila kunoki. Fungua kifuniko cha tangi, kwenye Mercedes utakuta kibandiko kinachosema petroli gani inatakiwa. Wengi hatujawahi kukisoma. Na sisi Tanzania tunajua habari ya uchakachuaji: mafuta ya taa yana okteni ya chini sana, ukiyachanganya kwenye petroli unaleta nok hata kwa gari ambayo haijaguswa. EWURA walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kupambana na mchezo huo, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili ule unafuu wa bei usiwavutie wachakachuaji. Ukiishi na busti kubwa, kila kituo cha mafuta usichokijua ni kamari.

Unganisha sasa: asubuhi ya ile safari tulikuwa na puli ndogo, baipasi imefungwa kwa uongo, petroli tuliyojaza popote, plagi za zamani, na mguu umekanyaga mpaka chini kwa dakika kadhaa mfululizo. Kila kimoja peke yake labda tungefika.

KABLA HUJAGUSA CHOCHOTE

1. Pima kompresheni ya silinda zote. Zikitofautiana zaidi ya asilimia 10, tengeneza injini kwanza. Kwenye hizi C180 sikiliza pia cheni ya taimingi ukiwasha asubuhi. Ikilia kwa sekunde chache, usiongeze busti, cheni na gia zake ni ugonjwa unaojulikana.

2. Tafuta mivujo. Mipira ya vakyum ya gari ya miaka 15 inakuwa migumu kama biskuti. Ukiziba mivujo unaweza kurudishiwa nguvu uliyodhani ni ya puli.

3. Angalia mkanda na kikaza chake. Mkanda unaoteleza unakupa busti leo, kesho hakuna.

4. Badilisha plagi. Busti ikipanda wengi wanatumia plagi baridi zaidi kwa hatua moja, na uwazi mdogo kidogo.

5. Pima presha ya mafuta ukiwa umekanyaga, siyo gari ikiwa imesimama tu.

6. Funga geji ya busti na kipimo cha uwiano wa hewa na petroli, ile sensa pana ya kwenye ekzosi. Bila hivi viwili unaendesha ukiwa umefumba macho. Ukiona bei yake ni kubwa, linganisha na bei ya injini.

7. Rekodi joto la hewa inayoingia. Likiwa tayari liko juu kabla ya kuongeza kitu, hela ya kwanza iende kwenye intakula, siyo kwenye puli.

8. Breki na tairi. Sihitaji kueleza.

9. Soma mkataba wa bima. Ukibadilisha injini bila kuwaambia, siku ya ajali unaweza kuwapa sababu ya kukataa.

Ukishamaliza, ongeza kidogo, pima, ongeza kidogo, pima. Na ukisikia karanga, toa mguu hapo hapo. Usiongeze sauti ya redio.

MASWALI MNAYOULIZA SANA

Swali: Naweza kuifanya C180 iwe C230 kwa puli tu?
Jibu: Hapana. Ukubwa wa injini ni ule ule, lakini kiwanda hakikufika 192 kwa kubadilisha kitu kimoja. Hilo ndilo nililolisoma vibaya.

Swali: Kwa nini gari yangu busti imeshuka na sijagusa kitu?
Jibu: Anza na mkanda, mipira iliyopasuka, baipasi iliyokwama wazi, chujio la hewa lililojaa vumbi. Kwenye tabo ongeza solenoidi na westigeti. Kabla ya kuongeza, rudisha ile ya kiwandani kwanza.

Swali: Taa ya injini ikiwaka baada ya kubadilisha?
Jibu: Isome, uandike namba ya kosa, utafute maana yake. Fundi anayefuta bila kukwambia namba, mshukuru kistaarabu, chukua funguo zako.

Swali: Busti salama ni ngapi?
Jibu: Hakuna namba moja. Bar 0.5 yenye hewa ya moto na petroli mbovu inaua, na kuna injini zinaishi na bar 1 kwa sababu kila kitu kimepangwa. Atakayekutajia namba bila kuuliza gari gani, anakisia.

MWISHO

Mtajiuliza kaka iliishaje. Maharusi walipata Noah ya kukodi, na advansi yao tukairudisha yote. Gari ilikaa uani kwa mama mkubwa miezi minane imefunikwa turubai. Injini ya used ilipatikana baadaye, ikafungwa ikiwa ya kiwandani, puli ya kiwandani, bila kijiboksi, na kaka akaiuza kulipa madeni.

Mama mkubwa hajawahi kunilaumu, na nadhani hajui ni nani aliyeleta zile kurasa nne. Kaka anajua. Juzi alinikuta naandika haya, akasoma mpaka mwisho, akasema, "Dogo, ungeniletea hii." Basi.

Kwa hiyo nakuleteeni ninyi. Mafundi na wataalamu mliomo humu, kama kuna mahali nimekosea nirekebisheni hapo chini kwenye maoni, msinionee huruma. Na wewe mwenye puli mpya kwenye boksi hujaifunga bado, sema una gari gani na umeshapima nini, tushauriane kabla ya kufungua boneti.

Nawasilisha.